Gunpei Yokoi, injinia wa Japani aliyeutafutia mchezo mmoja nafasi kwenye mashine nyingi

LUBUMBASHI – Kijana wa Lubumbashi anayetaka kutengeneza mchezo wa simu hukutana na swali moja kabla hajaandika hata mstari wa kwanza wa programu: mchezo huo utachezwa kwenye simu gani? Katika nyumba moja ya Katuba au ya Kenya, baba anaweza kuwa na simu ya vitufe, mama ana Android ndogo ya bei rahisi, na mtoto anayesoma chuo kikuu ana simu yenye nguvu zaidi. Kwa jirani kuna PlayStation iliyounganishwa na televisheni. Kila kifaa kina skrini yake, nguvu yake, betri yake na namna yake ya kushikwa. Mchezo unaokimbia vizuri kwenye kimoja unaweza kukataa kabisa kufunguka kwenye kingine.

Tatizo hilo si la leo. Kabla ya Android kuzaliwa, kuna mtu aliyepambana nalo kwa miaka zaidi ya 30 ndani ya kampuni ya Nintendo, katika mji wa Kyoto, Japani. Jina lake ni Gunpei Yokoi. Alifariki tarehe 4 Oktoba 1997 akiwa na umri wa miaka 56. Wachezaji wengi hawajui jina lake, lakini wanaishika kazi yake kila siku: kitufe chenye umbo la msalaba kinachokaa chini ya kidole gumba cha kushoto kilitoka kwake, na Game Boy, mashine ya mkononi iliyouzwa dunia nzima, ilitoka katika kikosi alichokiongoza.

Yokoi hakupenda mashine zenye nguvu kupita kiasi. Mafanikio yake makubwa yalitokana na vifaa vya bei nafuu ambavyo wengine walikuwa wamekwisha kuvichoka. Anguko lake kubwa lilikuja na kifaa kilichowataka wachezaji na watunzi wa michezo waache kila kitu wakifuate chenyewe.

Fundi wa kiwanda cha karata

Yokoi alizaliwa Kyoto tarehe 10 Septemba 1941, miezi mitatu tu kabla Japani haijaingia vitani na Marekani. Alisoma uinjinia wa umeme katika Chuo Kikuu cha Doshisha, katika mji huo huo. Mwaka 1965 akapata kazi Nintendo.

Wakati ule Nintendo haikuwa kampuni ya michezo ya video. Ilianzishwa mwaka 1889 kutengeneza karata za Kijapani zinazoitwa hanafuda, na bado ilikuwa inaishi kwa karata. Kazi ya Yokoi ilikuwa kutunza mashine za kiwandani. Mashine zilipokuwa nzima hakuwa na la kufanya, naye akajitengenezea mchezo wa kupitisha muda: mkono wa vijiti vilivyopishana, unaojikunja na kujikunjua kushika kitu kilicho mbali.

Mkuu wa kampuni, Hiroshi Yamauchi, aliuona mkono huo alipopita kiwandani. Badala ya kumwadhibu kijana kwa kucheza kazini, alimwamuru augeuze kuwa bidhaa ya kuuzwa. Mwaka 1966 ukaingia madukani kwa jina la Ultra Hand, ukauzwa zaidi ya milioni moja. Kuanzia hapo Yokoi akaacha kutunza mashine za karata, akawa mtu wa kubuni vitu vya kuchezea.

Mwaka 1969 alitoa Love Tester. Kilikuwa kipimo cha kawaida cha umeme, kitu ambacho fundi yeyote wa redio alikijua. Watu wawili walishika kila mmoja upande wake, wakapeana mikono, na sindano ikaonyesha eti wanapendana kiasi gani. Ndani yake hakukuwa na jambo jipya la sayansi. Upya ulikuwa katika matumizi: kifaa cha fundi kimekuwa sababu ya vijana kushikana mikono.

Baadaye Yokoi aliipa njia hiyo jina. Aliizungumzia teknolojia kama mmea: ile iliyonyauka, yaani iliyokwisha kuzoeleka, kushuka bei na kujulikana kasoro zake zote, ndiyo ya kutumia, ila itumike mahali ambapo hakuna aliyeitarajia. Teknolojia changa ni ghali, inaharibika ovyo, na wachache tu ndio wanaoifahamu.

Kikokotoo kinachocheza

Mwishoni mwa miaka ya 1970 viwanda vya Japani vilikuwa vinashindana kuuza vikokotoo. Bei za skrini ndogo na chipu zake zikaanguka. Simulizi inayojulikana sana ni kwamba Yokoi alikuwa ndani ya treni, akamwona mfanyakazi mmoja aliyechoka akibonyezabonyeza kikokotoo chake bila kuhesabu chochote. Mtu yule alikuwa anatafuta mchezo wa kuingia mfukoni.

Tarehe 28 Aprili 1980 Nintendo ikatoa Ball, mchezo wa kwanza wa mfululizo wa Game & Watch: kifaa chembamba, chipu na skrini ya aina ya vikokotoo, na saa ndani yake ili mtu mzima asione haya kukibeba. Hadi mwaka 1991 aina zipatazo 60 zilikuwa zimetoka, na vifaa zaidi ya milioni 43 vilikuwa vimeuzwa.

Lakini namna vifaa hivyo vilivyofanya kazi ilikuwa na kifungo kikubwa. Picha hazikuchorwa na programu. Kila mkono, kila mpira, kila hatua ya mtu ilikuwa imekatwa tayari ndani ya skrini tangu kiwandani. Programu iliamua tu ipi iwe nyeusi na ipi ifichike. Mpira haukuweza kusimama mahali ambapo umbo lake halikuandaliwa. Kwa hiyo mchezo na kifaa vilikuwa kitu kimoja. Mtu akitaka mchezo mwingine alinunua kifaa kingine, na mtunzi akitaka kuleta mchezo kutoka mashine nyingine alilazimika kuuanza upya, tangu mchoro wa kwanza.

Gorila anahama nyumba

Mwaka 1981 tatizo hilo likageuka kuwa kubwa. Tawi la Nintendo la Marekani lilikuwa limeagiza mashine 3,000 za mchezo unaoitwa Radar Scope, zile za kusimama na kutiwa sarafu. Kiasi cha 1,000 tu ziliuzwa. Nyingine zilidoda ghalani. Yamauchi akataka utungwe mchezo mwingine utakaoingia katika makasha yale yale. Kazi alipewa mchoraji kijana, Shigeru Miyamoto, na Yokoi akawekwa kumsimamia.

Kilichozaliwa ni Donkey Kong: seremala mdogo anapanda ngazi na kuruka mapipa ili kumwokoa msichana aliyetekwa na gorila. Seremala huyo ndiye baadaye aliyeitwa Mario. Makasha yaliyododa yakafunguliwa, yakabadilishwa vipande vya ndani, yakauzwa. Kisha yakatengenezwa mengine kwa makumi ya maelfu.

Mchezo ulipopendwa, kila mtu aliutaka nyumbani. Hapo ndipo ugumu ulipoanza. Mashine ya sarafu ilikuwa na skrini iliyosimama wima, inayofaa hadithi ya kupanda juu. Televisheni ya nyumbani imelala. Mchezo wa asili ulikuwa na hatua 4 tofauti. Kampuni ya Coleco ilipouhamishia kwenye mashine yake ya ColecoVision mwaka 1982, zilibaki 3. Kwenye Atari 2600, iliyokuwa na kumbukumbu ya kazi ya baiti 128 tu, chini ya herufi za ujumbe mmoja mfupi wa simu, zilibaki 2. Hata Nintendo yenyewe, ilipotoa konsoli yake ya Famicom tarehe 15 Julai 1983, iliiacha nje hatua yenye mikanda inayobeba mizigo.

Kila aliyeuhamisha mchezo aliamua kitu gani kikatwe. Swali la Yokoi lilikuwa gumu kuliko ya wote: vipi uingie mfukoni?

Kifaa chake cha Donkey Kong kilitoka Juni 1982. Kilikuwa na skrini mbili, moja juu na moja chini, kikikunjwa kama kitabu; hivyo ndivyo alivyoupata wima uliokosekana. Ikabaki namna ya kumwongoza seremala. Mashine ya sarafu ilikuwa na fimbo ya kushika kwa mkono mzima. Fimbo kwenye kifaa cha mfukoni ingevunjika, tena ingezuia kifuniko kufunga. Vitufe 4 vilivyotengana vingemlazimisha mchezaji aangalie chini kila mara, na akiangalia chini pipa linampiga.

Yokoi akaviunganisha vyote kuwa kipande kimoja cha plastiki chenye umbo la msalaba, kinachoegemea upande unaobonyezwa. Kidole gumba kinajua kiko wapi bila macho kushuka. Kipande hicho kidogo kikaingia kwenye vishikio vya Famicom, konsoli iliyobuniwa na kikosi cha mwenzake Masayuki Uemura, na kutoka hapo umbo hilo au ndugu zake wakaenea karibu kwenye kila konsoli.

Wazee wa Katanga wanaocheza kisolo hawahitaji maelezo marefu juu ya jambo hili. Kuna ubao wa mti uliochongwa vizuri, lakini ubao usipokuwepo mashimo huchimbwa kwenye udongo, na mbegu zikikosekana vijiwe vinatosha. Ubao unabadilika, kanuni zinabaki. Yokoi hakuihamisha fimbo. Alihamisha kazi ambayo fimbo ilikuwa inaifanya.

Vilivyofungwa kwenye televisheni ya zamani

Si kila kitu alichogusa kiliweza kuhama. Mwaka 1983 soko la michezo ya video la Marekani lilianguka, na wenye maduka hawakutaka tena kusikia habari za konsoli. Ili Famicom ipokelewe kule kwa jina la NES, mwaka 1985 Nintendo iliiuza pamoja na roboti mdogo, R.O.B., kazi ya kikosi cha Yokoi. Dukani ilionekana kama kitu cha kuchezea cha watoto, na milango ikafunguka.

Roboti huyo alipokea amri kwa kutazama mimweko ya mwanga kwenye skrini ya televisheni. Alifanyiwa michezo 2 tu. Bunduki ya mwanga ya mchezo wa Duck Hunt nayo ilitegemea televisheni zile nene zenye mgongo. Vifaa vya kuiga Famicom vilivyouzwa Afrika miaka ya 1990 mara nyingi vilikuja na bunduki ya namna hiyo. Leo ukiichomeka kwenye televisheni bapa, bata wanapita salama: mwanga wa skrini hizo hauji kwa namna ambayo bunduki inaisubiri. Mchezo uliotegemea siri ya kifaa kimoja ulizeeka pamoja na kifaa hicho.

Skrini ya rangi nne za kijani

Kifaa kilichomletea Yokoi sifa kubwa zaidi kiliingia madukani Japani tarehe 21 Aprili 1989 kwa bei ya yeni 12,500. Ni Game Boy. Safari hii michezo iliwekwa kwenye katriji za kubadilisha, kwa hiyo mashine moja iliweza kucheza mingi. Injinia Satoru Okada alibeba sehemu kubwa ya kazi ya ufundi.

Kwa kuangalia karatasi ya sifa zake, Game Boy ilikuwa duni. Skrini ilikuwa na nukta 160 kwa 144, haikuwa na rangi ila viwango 4 vya kijani na kiza, haikuwa hata na taa ya ndani. Washindani wake, Lynx ya Atari na Game Gear ya Sega, walikuwa na rangi na mwanga. Lakini walikula betri 6 na kuzimaliza kwa saa chache. Game Boy ilikula betri 4 za AA, zile zinazowekwa kwenye redio ndogo, ikadumu zaidi ya saa 10. Ilikuwa na bei ya chini, na ikianguka chini mara nyingi iliokotwa ikiendelea kucheza.

Hesabu ya Yokoi ilikuwa hii: mtoto akishaingia katika mchezo hahesabu rangi, lakini betri ikizimika mchezo umekwisha. Soko lilimkubali. Game Boy pamoja na ndugu yake ya baadaye, Game Boy Color, ziliuzwa karibu milioni 119.

Mchezo uliosukuma mauzo hayo ulikuwa tayari umevuka mashine nyingi. Tetris ilitungwa Moscow mwaka 1984 na Alexey Pajitnov kwenye kompyuta ya Kisovieti, Elektronika 60, ambayo haikuweza kuchora picha. Matofali yake ya kwanza yaliundwa kwa alama za mabano. Kisha ikahamishiwa kwenye kompyuta za IBM, ikasambaa. Mwaka 1989 mfanyabiashara Henk Rogers alikwenda Moscow, akapata haki ya kuitoa kwenye mashine za mkononi. Mchezo uliozaliwa bila picha haukupoteza chochote ulipofika kwenye skrini bila rangi. Uliongeza jambo moja: Game Boy mbili ziliunganishwa kwa waya, watu wawili wakashindana, kila mmoja na skrini yake.

Mario naye alilazimika kupungua. Kikosi cha Yokoi kilitoa Super Mario Land mwaka huo huo wa 1989. Wahusika walifanywa wadogo sana ili mchezaji aone mbele anakokwenda kwenye skrini finyu. Mchezo huo uliuzwa zaidi ya milioni 18.

Virusi visivyo na rangi

Mfano ulio wazi kuliko yote ulikuja mwaka 1990. Ni Dr. Mario, mchezo uliosimamiwa na Yokoi na uliotolewa mwaka mmoja kwenye NES na kwenye Game Boy. Mchezaji anadondosha vidonge ndani ya chupa yenye virusi. Akipanga vipande vinne vya rangi moja, virusi vya rangi hiyo vinakufa. Rangi ni tatu: nyekundu, njano na buluu.

Kwenye televisheni kanuni hiyo haina utata. Kwenye Game Boy hakuna nyekundu, hakuna njano, hakuna buluu. Mchezo mzima unategemea kitu ambacho mashine haina.

Watunzi hawakuuacha mchezo, wala hawakusubiri mashine ya rangi. Rangi tatu zikageuzwa kuwa vivuli vitatu, cheusi, cheupe na cha katikati. Mapambo ya pembeni yakapunguzwa kwa sababu nafasi haikutosha. Na mashindano ya watu wawili yakabadilika: kwenye NES wote wawili walitazama televisheni moja yenye chupa mbili, kwenye Game Boy kila mmoja alishika mashine yake na waya ukawaunganisha.

Mabadiliko yalikuwa matatu, ya rangi, nafasi na wachezaji, na kanuni haikuguswa. Mtu aliyejifunza Dr. Mario kwenye televisheni ya jirani aliicheza kwenye Game Boy bila kuelekezwa. Njia hiyo ina faida nyingine ambayo watunzi wa leo wanaithamini: mchezo usiotegemea rangi peke yake unamfikia pia mtu ambaye macho yake hayatofautishi nyekundu na kijani.

Kifaa kilichosimama peke yake

Tarehe 21 Julai 1995 Nintendo ilitoa Virtual Boy. Yokoi alitaka kumpa mchezaji picha zenye kina, kama vile anaingia ndani ya dunia nyingine. Hata hapa alifuata njia yake ya teknolojia nafuu: alichagua taa ndogo nyekundu kwa sababu zilikuwa rahisi na hazikula umeme mwingi. Kila kitu kikawa chekundu juu ya weusi.

Lakini kifaa hakikuwa cha mfukoni, wala hakikuwa cha televisheni. Kilisimama mezani kwa miguu miwili, na mchezaji akainama kuingiza uso ndani. Aliyekaa pembeni hakuona chochote. Tangazo la televisheni au picha ya gazeti havikuweza kuonyesha kina hicho. Watu walilalamika kuumwa na kichwa na macho.

Kwa watunzi ilikuwa shida zaidi. Mchezo uliotungwa kwa ajili ya picha zile haukuwa na pa kuhamia, na mchezo wa mashine nyingine ulioletwa pale ulipoteza rangi bila kupata faida ya kutosha. Kampuni inayotafuta faida haiweki fedha mahali ambapo kazi haiwezi kutoka. Japani na Marekani zikijumlishwa, ilipata michezo 22 tu. Vifaa vilivyouzwa vilikuwa kama 770,000, na biashara ikafungwa kabla ya kutimiza mwaka.

Kwa mtu aliyeipatia kampuni mamia ya mabilioni ya yeni, lilikuwa pigo mbele ya macho ya wote. Aliendelea na kazi, akashiriki katika Game Boy Pocket, toleo dogo lililotoka Julai 1996 na kutumia betri 2 ndogo zaidi. Tarehe 15 Agosti 1996 akaondoka Nintendo, baada ya miaka 31. Wengi walisema amefukuzwa na aibu ya Virtual Boy. Yeye alikanusha; kuanzisha kazi yake mwenyewe lilikuwa wazo la muda mrefu.

Mwaka mmoja wa uhuru

Alifungua kampuni yake ndogo, Koto, mjini Kyoto. Akafanya kazi pamoja na kampuni ya Bandai juu ya mashine mpya ya mkononi, WonderSwan. Mawazo yake yote ya zamani yanaonekana ndani yake: skrini isiyo na rangi, bei ya chini ya yeni 4,800, na betri moja tu ya AA. Kulikuwa na jambo jingine lililojibu tatizo la Donkey Kong la mwaka 1981: mashine iliweza kushikwa ikiwa imelala au ikiwa imesimama, kwa kufuata mchezo unavyotaka. Vitufe vilipangwa pande mbili ili mikono ipate pa kushika kwa namna zote mbili. Leo kugeuza simu wima au ubapa ni jambo ambalo hakuna anayelifikiria.

Yokoi hakuiona ikiuzwa. Jioni ya tarehe 4 Oktoba 1997, katika jimbo la Ishikawa, gari alilokuwamo liligonga lori kwenye barabara kuu. Aliteremka kuangalia uharibifu, na gari jingine lililokuwa linapita likamgonga.

WonderSwan ilitoka tarehe 4 Machi 1999, ikifuatana na mchezo wa fumbo uliopewa jina la Gunpey kwa heshima yake. Mwaka 2003 jumuiya ya kimataifa ya watunzi wa michezo ilimtunukia tuzo ya kazi ya maisha, miaka sita baada ya mazishi.

Simu za Haut-Katanga

Haut-Katanga na Lualaba zinachangia mashine hizi bila majina yao kuandikwa popote. Shaba iko katika nyaya zake. Kobalti iko katika betri nyingi za kuchaji, na RDC inatoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani. Malori ya madini yanatoka kupitia Kasumbalesa, na bidhaa nyingi za viwandani zinarudi kwa barabara hiyo hiyo. Michezo inayochezwa kwenye simu hizo karibu yote inatungwa mbali, na watu wenye umeme usiokatika na intaneti isiyohesabiwa.

Matokeo yake yanajulikana. Mchezo unataka gigabaiti nzima, na kuupakua ni kumaliza mega za wiki. Unataka simu yenye kumbukumbu kubwa, na simu nyingi za mjini hazina. Unataka intaneti wakati wote. Unakunywa betri wakati umeme wa SNEL haujulikani utarudi saa ngapi.

Vyombo vya kazi vya leo vimerahisisha sehemu ya kazi. Programu kama Unity na Godot, na hii ya pili ni ya bure, zinamwezesha mtunzi kuandika mchezo mara moja na kuutoa kwa ajili ya Android, kompyuta na hata konsoli. Lakini haziamui maandishi yatasomeka vipi kwenye skrini ndogo, wala kidole kitafunika nini, wala mchezo ufanye nini simu ikizimika katikati. Hayo bado ni maamuzi ya mtu.

Katika eneo hili la Afrika kuna aliyefanya maamuzi hayo katika hali ngumu kuliko ya Kyoto. Lual Mayen, mzaliwa wa Sudan Kusini aliyekulia katika kambi ya wakimbizi nchini Uganda, alijifunza kutunga michezo kwenye kompyuta aliyonunuliwa na mama yake baada ya miaka mitatu ya kuweka akiba. Alitembea saa tatu kwenda kuichaji. Mchezo wake juu ya amani, Salaam, ulimfikisha hadi kwenye jukwaa la tuzo za michezo nchini Marekani mwaka 2018.

Mtunzi wa Lubumbashi ambaye hana fedha za kununua simu za kila aina anaweza kuanza na ile aliyo nayo, iliyo dhaifu kuliko zote nyumbani. Mchezo ukikimbia humo, ukaeleweka bila rangi, ukachezwa bila mega na ukahifadhi hatua ya mchezaji kabla betri haijakatika, kuupeleka kwenye mashine kubwa itakuwa kazi ya kuongeza. Anayeanzia juu atakuta kazi ya kukata, kama waliokata hatua mbili za Donkey Kong.

Mchezo wa Gunpey wenyewe haukubaki WonderSwan. Mwaka 2006 ulitolewa pia kwenye PSP ya Sony na kwenye Nintendo DS, mashine ya mkononi inayokunjwa kama kitabu, yenye skrini mbili, moja juu na moja chini, na kitufe cha msalaba upande wa kushoto.